Uzi maalumu: Kufunga mzigo wa safari kwenye baiskeli ya mlimani (Uyole, Kitulo, kushuka Kona 57)

#1 – Mzigo Mwepesi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Watu wa Rungwe ndaga, watu wa Iringa kamwene.

Tangu niweke ile picha ya baiskeli yangu imeegeshwa Kitulo, inbox imejaa swali moja tu: "Mkuu, mzigo umeufungaje mpaka ukapanda milima ya Uporoto?" Kujibu mmoja mmoja kumenishinda, ndiyo maana nafungua uzi. Mwenye baiskeli ya gia iliyolala stoo na kuku wanalala juu yake, leo ni siku yako.

Nazungumzia zile baiskeli za mlimani zenye shokapu mbele tu, nyuma kavu. Ndizo zilizojaa kwenye mitumba ya huku kwetu, na kwa safari ya mzigo naziona bora kuliko zile zenye shokapu mbili. Nyuma hakuna kinachocheza, kwa hiyo keriya inakaa imara, na mkoba ukining'inia chini ya siti nafasi yake na tairi haibadiliki hata ukipiga shimo. Halafu pale katikati ya fremu pembetatu yote iko wazi. Hapo ndipo penye dhahabu, nitaparudia.

Kwanza niwasimulie nilivyoaibika. Safari yangu ya kwanza nilifunga kama ninahama nyumba. Keriya ya nyuma nilibebesha hema, blanketi, sufuria, jiko, lita tano za maji kwenye dumu, na kiroba cha nguo. Kilo 22, nilipima kwenye mizani ya duka la nafaka. Mbele hakuna kitu. Kutoka Uyole, pale Mbeya, mlima ulipoanza kukolea, gurudumu la mbele likawa linanyanyuka kila nikikanyaga pedeli kwa nguvu. Usukani unayumba kama mlevi wa ulanzi. Kabla sijafika Isyonje, boliti moja ya keriya ikajifungua yenyewe, keriya ikalala upande, ikaingia kwenye gurudumu. Spoku tatu chali. Nilirudi Uyole nyuma ya Fuso la viazi, juu ya magunia, nimekumbatia baiskeli kama mgonjwa. Sina wa kumlaumu. Boliti niliikaza mwenyewe, kwa mkono, bila spana.

Nilipotulia nikaenda kuwaangalia walimu wenyewe: wale jamaa wa ndizi wanaoshusha mikungu kule Tukuyu kwa baiskeli. Hakuna hata mmoja anayefunga mzigo ukacheza. Mkungu mzito unakaa chini, karibu na mwili wa baiskeli, na unabanwa kwa mipira ya tyubu iliyochanwa, inavutwa mpaka inalia. Kamba ya manila hulegea mzigo ukijipanga. Mpira unaufuata mzigo, ukijibana na wenyewe unajibana.

Kwa hiyo sasa hivi mpangilio wangu uko hivi.

Katikati ya fremu kuna mkoba wa turubai niliochonga patani yake kwa boksi la katoni, nikampelekea fundi cherehani. Humo ndimo vinakaa vizito vyote: spana, pampu, tyubu mbili, chakula kikavu, betri ya kuchajia simu, na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Vizito chini kabisa, karibu na pale pedeli zinapozungukia. Ukifanya hivi tu, hata hayo mengine ukayakosea, baiskeli itakuheshimu.

Mbele kwenye usukani nafunga vitu vyepesi lakini vikubwa: hema bila nguzo zake, na begi la kulalia. Nyuma, kwenye keriya, nguo na sufuria, kilo nne hazifiki. Jumla ya mzigo sasa ni kilo 12 na maji yakiwemo. Baiskeli yenyewe kilo 14.

Kilo kumi zilizopungua zilienda wapi? Dumu la maji liliondoka kwa sababu Uporoto maji yapo njia nzima, nabeba lita tatu tu na ninachemsha. Blanketi liliondoka, nikanunua begi la kulalia la mtumba pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Jiko la mafuta ya taa liliondoka, nikabaki na kale ka spiriti. Na nguo niliona nilibeba suruali tatu, sijui nilikuwa naenda kwenye posa.

Shokapu nitaielezea kesho, usiku umeingia na baridi la huku mnalijua.

#2 – Mtoto wa Tukuyu

Kuku juu ya baiskeli, hahaha. Uzi mzuri. Ila mkuu hao wa ndizi wakipanda mlima wanasukuma, hawaendeshi. Usije ukawadanganya watu.

#3 – Mzigo Mwepesi

Na mimi nasukuma. Kuna vipande Isyonje kwenda Kikondo nilishuka nikasukuma bila aibu. Ukiwa na mzigo, kusukuma ni gia mojawapo.

#4 – Abiria wa Kudumu

Yaani na Hiace zilivyojaa mtu anajitesa hivi. Nauli mmekosa?

#5 – Fundi Spoku

Namba 4 pita kando, watu wanajifunza.

Mwanzisha uzi umesema vizuri ila kuna jambo umelipita haraka, la keriya. Mimi ni fundi, miaka mingi, na kila mwezi naletewa fremu iliyouawa na keriya. Mtu ananunua baiskeli ya mtumba haina matundu ya boliti za keriya, anaipeleka kwa mchomeleaji wa mageti amuwekee masikio. Kama fremu ni ya chuma, sawa, inachomeleka. Kama ni alumini, mtambo wa kuchomelea mageti hauiwezi. Hata ukimpata mwenye mtambo wake, joto linaivunja nguvu alumini pale pembeni ya mshono, maana fremu hizo kiwandani zinapitishwa kwenye joto maalumu baada ya kuchomelewa. Itapendeza wiki mbili, ya tatu inapasuka mkiwa mteremkoni.

Hujui ni chuma au alumini? Chukua sumaku ya spika mbovu. Ikinata ni chuma. Isiponata, mwambie mchomeleaji akae mbali.

Kama haina matundu, tumia vibanio vya chuma vyenye mpira ndani, vile vya kushikia mabomba ukutani, ila viwe vya saizi ya bomba la fremu yako na ukaze kidogo kidogo. Vipo pia vibanio vya siti vyenye matundu mawili ya keriya, hivyo ndivyo vizuri zaidi. Boliti za keriya karibu zote ni za milimita 5. Nunua nne za ziada, uweke na washa za kuzuia kulegea, au tone la gundi ya nati. Ukikosa gundi, rangi ya kucha ya shemeji yako inasaidia.

Keriya yenyewe nunua ya chuma. Ya alumini ni nyepesi, lakini ikikatika Matamba nani atakuungia? Ya chuma hata fundi wa majembe anaiunga. Nyingi zinazotoka kiwandani zimeandikwa kilo 25. Hiyo ni hesabu ya lami. Kwenye njia ya mawe mimi nasema nusu yake.

#6 – Mzigo Mwepesi

Fundi, hapo kwenye sumaku umemaliza. Naongeza tu: kila asubuhi kabla sijapanda nagusa boliti zote kwa spana, moja moja. Dakika mbili. Nilijifunza kwa spoku tatu.

Sasa shokapu, kama nilivyoahidi.

Watu wengi wanafunga furushi kwenye usukani wakiwa sebuleni, linakaa vizuri, wanapiga picha. Shimo la kwanza, shokapu inazama yote, furushi linashuka mpaka kwenye tairi linalozunguka. Hema linachanika, au mbaya zaidi gurudumu linakwama na wewe unaruka juu ya usukani. Shokapu nyingi za baiskeli hizi zinazama milimita 100. Kwa hiyo kati ya chini ya furushi na juu ya tairi lazima kuwe na nafasi inayozidi hapo, weka sentimita 12 au 13. Kama shokapu yako ni ya upepo, njia ya uhakika ni kutoa upepo wote, kuikandamiza mpaka mwisho, uone kama furushi linagusa. Ukimaliza, jaza upya.

Na ukijaza, usirudishe upepo uleule wa zamani. Umeongeza mzigo mbele, shokapu itakaa chini muda wote na haitakuwa na nafasi ya kumeza shimo. Funga kamba ya plastiki ya kubana nyaya kwenye ule mguu unaong'aa, isukume mpaka chini, panda baiskeli taratibu ukiwa na mzigo wote, shuka, angalia imesogea kiasi gani. Kwa shokapu ya milimita 100, ikisogea 15 mpaka 20 umepatia. Ikizidi, ongeza upepo. Shokapu za springi, ambazo ndizo nyingi kwenye mtumba, zina kinobu juu ya mguu wa kushoto au kulia, kizungushe kuongeza ugumu. Kinasaidia kidogo, si sana. Ukiona bado inazama, punguza mzigo wa mbele.

Kuna wanaofunga chupa kwenye miguu ya shokapu. Inawezekana, mimi nimefunga mbili. Nilitumia vibanio vya hosipaipu ya gari, chini yake nikazungusha mpira wa tyubu ili visikwaruze wala kuteleza. Vifungwe kwenye ule mguu mnene wa chini, kamwe si kwenye ule unaong'aa, na kila upande usizidi kilo moja na nusu. Usitoboe mguu wa shokapu kwa namna yoyote. Na usikaze kama unafunga injini, ile metali ni laini.

#7 – Binti Mufindi

Kaka shikamoo na asante. Mimi ni mfupi, nina futi tano na inchi moja, na baiskeli niliyopata ni ya magurudumu ya inchi 29. Nikishusha siti ninavyotaka, kati ya siti na tairi ya nyuma nafasi ni ndogo, mkoba wa chini ya siti ninaouona kwenye mitandao hauingii. Na fremu yangu ni ndogo, mkoba wa katikati utaingia nini humo? Nataka nitoke Mafinga niingie mashamba ya chai, siku mbili, nilale gesti.

#8 – Mzigo Mwepesi

Marahaba dada. Achana kabisa na mkoba wa chini ya siti. Unataka sentimita 15 hadi 20 za wazi, na kama huna utakuwa unapiga msasa mkoba wako kwa tairi. Hata wenye nafasi, ule mkoba ukiujaza vibaya unacheza mkia kushoto kulia ukisimama kwenye pedeli.

Wewe unalala gesti, huna hema, huna jiko. Mzigo wako wote ni kilo sita hivi. Keriya ya nyuma na begi moja dogo limelala, limefungwa kwa mipira minne. Katikati, hata kama pembetatu ni ndogo, weka vizito tu: spana, tyubu, pampu. Maji weka kwenye miguu ya shokapu kama nilivyosema. Mgongoni usibebe kitu zaidi ya koti la mvua. Mgongo ukibeba kilo tano, jioni makalio ndiyo yatakayokusimulia.

Angalia pia visigino. Ukiweka mabegi ya pembeni ya keriya kwenye fremu fupi, kisigino kinapiga begi kila mzunguko. Sogeza begi nyuma mpaka kisiguse, hata kama inaonekana vibaya.

#9 – Wa Kalenga

Wakuu mimi swali langu ni gia. Yangu ina gia tatu mbele na saba nyuma, jamaa wa mjini wananicheka, wanasema siku hizi baiskeli ya maana ina moja mbele na kumi na mbili nyuma. Nibadilishe?

#10 – Fundi Spoku

Usibadilishe. Hesabu meno. Kama gia yako ndogo ya mbele ina meno 22 na kubwa ya nyuma ina 34, ukigawanya unapata 0.65. Hao wanaokucheka wengi wana 32 mbele na 51 nyuma, inakuja 0.63. Kupanda mlima mko sawasawa. Tofauti ni kwamba cheni yako na meno yake unavipata Mwanjelwa au hapo Iringa mjini, vyao wanaagiza.

Ila kama meno ya mbele madogo kabisa ni 28 na nyuma ni 28, hapo ndipo ubadilishe, maana mbele na nyuma meno yakiwa sawa, ukiwa na mzigo kwenye milima yetu ni kuumiza magoti. Badilisha nyuma iwe 34, ni rahisi kuliko mbele. Hakikisha kibadilisha gia chako cha nyuma kinafika huko, vile vifupi vinagonga.

Halafu jambo linalosahaulika: ule mkono wa alumini mwembamba unaoshika kibadilisha gia kwenye fremu. Baiskeli ikianguka upande wa kulia ikiwa na mzigo, huo ndio unaopinda. Kila fremu ina umbo lake, hautaupata njiani. Ufungue, uuchukue kama sampuli, utafute wa pili uuweke kwenye mkoba.

#11 – Mtoto wa Tukuyu

Spoku za akiba unabeba wapi mkuu? Za kwangu zilipinda kwenye begi.

#12 – Mzigo Mwepesi

Zifunge kwa selotepu ya umeme kwenye bomba la fremu linalokwenda gurudumu la nyuma. Tatu au nne. Ila pima urefu kabla, spoku za upande wa gia huwa ni fupi kuliko za upande wa pili. Na zinazokatika sana ni hizo za upande wa gia, ambazo huwezi kuzibadili bila kutoa meno ya nyuma. Kwa hiyo beba na ile spana yake maalumu, au uwe na bahati.

Mvua. Zamani tulikuwa tunafunga nguo kwenye rambo, tangu Juni 2019 zilipopigwa marufuku hakuna tena. Mbadala niliopata ni bora: ile nailoni nene ya ndani ya mfuko wa mbolea. Ioshe mara tatu kwa sabuni, ianike. Nguo na begi la kulalia vinaingia humo, unakunja mdomo, unafunga kwa mpira. Tukuyu ilininyeshea saa nne nzima na soksi zilitoka kavu. Turubai la nje linazuia vumbi na michubuko tu, msilitegemee kwa mvua.

Na popote mkanda unapogusa fremu bandika kipande cha tyubu. Vumbi likiingia chini ya mkanda linakuwa msasa, siku tatu tu rangi yote imeondoka na mkanda wenyewe umekatika.

#13 – Wa Kalenga

Sasa Kona 57 ulishukaje na mzigo? Mimi niliziona nikiwa ndani ya gari nikafumba macho.

#14 – Mzigo Mwepesi

Hapo nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Kwa wasiojua, ukitoka Kitulo ukafika Matamba, barabara ya kushuka Chimala inajikunja kona 57 ubavuni mwa mlima, na chini unaliona bonde la Usangu limetandazwa kama mkeka. Unaanza na koti na glavu, unamaliza na singlendi.

Breki zangu ni za diski, za waya. Kabla ya kushuka nilikaza waya na nikachungulia vile vibati vya breki. Vilikuwa vimebaki kama unene wa shilingi mia, nikabadilisha palepale. Ukiwa na kilo 12 za ziada, breki inaliwa haraka kuliko ulivyozoea. Usishikilie breki muda wote. Acha itembee kidogo, bana kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona. Kila baada ya kona kumi nilisimama, nikapiga picha, breki zikapoa. Kama yako ni ya raba zinazobana rimu, simama mara mbili zaidi, kwa sababu rimu ikipata moto sana tyubu inaweza kupasuka yenyewe.

Kabla ya kushuka nilihamisha pia. Furushi la mbele nililibana juu zaidi, na maji yaliyobaki niliyamwaga nikabaki na nusu lita. Mteremkoni uzito wote unakimbilia mbele.

Upepo wa matairi: mimi nina kilo 70, matairi ya upana wa inchi 2.2, mbele naweka PSI 28, nyuma 35. Nikiwa bila mzigo huwa napunguza. Mkiambiwa mjaze mpaka yalie kama ngoma, kataeni, kwenye changarawe utaruka kama mpira.

Chimala nilipofika sikuendesha kurudi Mbeya. Ile ni barabara kuu ya malori ya Zambia na Kongo, na bega la barabara ni jembamba. Nilikaa kwa mama lishe, nikala wali maharage sahani mbili, nikasimamisha Kosta, nikatoa gurudumu la mbele, baiskeli ikapanda juu. Konda alitaka nauli ya mtu mzima kwa ajili ya baiskeli. Tulikubaliana nusu.

#15 – Abiria wa Kudumu

Si ndiyo nilisema Hiace.

#16 – Mtoto wa Tukuyu

😂😂

Mkuu msimu gani? Nataka niende na mdogo wangu.

#17 – Mzigo Mwepesi

Maua ya Kitulo ni ya wakati wa mvua, Desemba kwenda Aprili, lakini njia ni tope na tairi inakusanya udongo mpaka haizunguki. Juni na Julai njia kavu, ila usiku wa kule juu ni barafu kwenye majani. Mimi ningechagua mwisho wa Mei au Septemba. Na ile ni hifadhi ya taifa, pitia getini ulipie, ulizia na kambi, usijifiche kulala vichakani.

#18 – Binti Mufindi

Kaka nimerudi. Nimefunga leo kwa majaribio kama ulivyosema. Shokapu yangu ni ya upepo kumbe, nimetoa wote nikaikandamiza. Furushi limegusa tairi.

#19 – Mzigo Mwepesi

Heri limegusa nyumbani. Umefunga nini humo?

#20 – Binti Mufindi

Kanga mbili, sweta, taulo na viatu.

#21 – Fundi Spoku

Viatu vitoe, viende nyuma kwenye keriya, soli ikitazama juu. Taulo kata nusu. Furushi lizungushe juu ya usukani badala ya kuning'inia chini yake, na uhakikishe waya za breki hazijabanwa, geuza usukani kushoto na kulia mpaka mwisho.

#22 – Binti Mufindi

Taulo nimekata, mama amenuna. Sasa shokapu ikizama yote zinabaki sentimita tatu, na waya ziko huru. Jumamosi najaza maji kwenye chupa nazunguka nayo hapa Mafinga kwanza. Picha nitaleta.